CHUNGU CHA MWANAFUNZI WA GISOZI

Gisozi, mtaa wa vilimani jijini Kigali, ndiko kilipo Chuo Kikuu cha ULK kilichoanzishwa mwaka 1996. Mwanafunzi aliyepanga chumba huko hujipikia mwenyewe. Mwanao akienda, mfundishe kwanza kupika maharagwe, ambayo Wanyarwanda huyaita ibishyimbo. Ayaroweke usiku kucha. Asubuhi amwage maji hayo, ayachemshe kwa maji mapya hadi yalainike. Kuroweka hupunguza muda wa kupika, na mkaa ukabaki wa kesho. Kisha akaange kitunguu na nyanya, atie mchicha, uitwao dodo, na ale kwa ndizi au viazi. Kikombe cha maziwa ya mgando, ikivuguto, chatosha kuwa anasa ya Jumapili.

Lakini twasisitiza jambo moja: jiko la mkaa, imbabura, lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, hata usiku wa mvua na baridi. Hewa yake ya sumu haionekani wala haina harufu, nayo humwua mtu usingizini. Jiko likae nje, barazani. Mwanafunzi ashibe, aamke salama, ndipo masomo yatakapomfaa.