Kupima Warushaji wa Besiboli Mwanzoni mwa Msimu

MWALIMU: Tafadhali kila mtu awe na daftari na kalamu ya risasi, maana leo tutazidisha na kugawanya. Hapa studio ninaye mwanafunzi wa elimu ya watu wazima kama ninyi. Mahali asipofahamu ataniuliza kwa niaba yenu.

Wahenga walisema: Siku njema huonekana asubuhi. Leo tutaipima methali hiyo kwa hesabu. Tutatazama mchezo wa besiboli, unaopendwa sana Marekani, na tutauliza hivi: warushaji wa timu wakianza msimu vizuri, je, tuseme watamaliza vizuri?

MWANAFUNZI: Mwalimu, wengine wetu hatujauona mchezo huo. Mrushaji ni nani?

MWALIMU: Umefanya vema kuuliza. Timu inayozuia ina watu tisa uwanjani. Mrushaji husimama katikati, juu ya kichuguu cha udongo. Huurusha mpira kwa nguvu kumwelekea mpigaji wa timu ya pili, aliye mbali naye kadiri ya mita 18. Mpigaji ana gongo mkononi. Akiupiga mpira vizuri, hukimbia kuzunguka vituo vinne. Akivimaliza vyote, timu yake hupata pointi moja. Kazi ya mrushaji ni kumzuia. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu ya timu yao imekwisha. Kwa kawaida kila timu hupata zamu tisa katika mchezo mmoja.

Kurusha namna hiyo huuchosha mkono sana. Kwa hiyo timu huwa na warushaji watano hivi wa kuanza mchezo, nao hupokezana. Aliyeanza leo hupumzika siku kadhaa ndipo arudi. Akichoka katikati ya mchezo, mwingine huingia mahali pake. Msimu mzima una michezo 162 kwa kila timu, nao huanza mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili na kuendelea mpaka mwisho wa Septemba.

WASTANI WA MRUSHAJI

MWALIMU: Sasa shikeni kalamu. Mrushaji hupimwa kwa wastani. Tunauliza: kama angerusha mchezo mzima wa zamu tisa, angefungwa pointi ngapi? Kanuni ni hii. Chukua pointi alizofungwa, zidisha kwa 9, kisha gawanya kwa zamu alizorusha. Pointi iliyopatikana kwa kosa la wenzake, kama vile kuangusha mpira mwepesi, haihesabiwi juu yake. Kumbukeni pia kwamba hapa namba ndogo ndiyo nzuri.

Tuchukue mfano wa kweli. Mwaka 1981 kijana wa miaka 20 kutoka Mexico, jina lake Fernando Valenzuela, aliichezea timu ya Los Angeles Dodgers. Alianza michezo minane ya kwanza, akaishinda yote minane. Alirusha zamu 72, akafungwa pointi 4 tu. Haya, 4 mara 9 ni ngapi?

MWANAFUNZI: Ni 36, Mwalimu. Na 36 kugawanya kwa 72 ni nusu.

MWALIMU: Barabara. Wastani wake ulikuwa 0.50, yaani nusu pointi kwa mchezo mzima. Watu walijaa viwanjani kumtazama. Lakini je, alimaliza msimu hivyo? Hapana. Mwisho wa msimu alikuwa amerusha zamu 192 na kidogo, amefungwa pointi 53, na wastani wake ulikuwa 2.48. Alishinda michezo 13, akashindwa 7. Toeni ile minane ya mwanzo mwone: baada ya hapo alishinda mitano na kushindwa saba.

MWANAFUNZI: Basi kumbe hakuwa mrushaji mzuri?

MWALIMU: La, usikimbilie huko. Wastani wa 2.48 ni mzuri sana, na mwaka ule alipewa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake. Timu yake pia ilichukua ubingwa. Namba ya mwanzo haikudanganya iliposema kuwa ni hodari. Ilidanganya kwa kadiri ya uhodari wenyewe. Hakuna mtu awezaye kufungwa nusu pointi kwa mchezo muda wa msimu mzima.

KWA NINI NAMBA ZA MWANZO HURUKARUKA

MWALIMU: Andikeni hesabu nyingine. Hii si ya mtu wa kweli, ni ya kujifunzia. Mrushaji amecheza mchezo mmoja tu. Amerusha zamu 9 na kufungwa pointi 1. Wastani wake ni 1.00. Mchezo wa pili anarusha zamu 3 tu, anafungwa pointi 6. Jumla sasa ni pointi 7 katika zamu 12. Saba mara 9 ni 63. Gawanya kwa 12, unapata 5.25. Kwa siku moja mbaya, ametoka kwa hodari mpaka kwa dhaifu.

Sasa mtazame mrushaji wa mwezi wa Agosti. Amekwisha kurusha zamu 150 na kufungwa pointi 50, na wastani wake ni 3.00. Naye apate siku mbaya ile ile, pointi 6 katika zamu 3. Jumla ni pointi 56 katika zamu 153. Wastani wake unakuwa 3.29 tu. Siku mbaya ni ile ile, lakini namba imesogea kidogo sana.

MWANAFUNZI: Ni kama kijiko cha chumvi, Mwalimu. Ukikitia katika kikombe cha maji hakinyweki. Ukikitia katika pipa, mtu hata hajui.

MWALIMU: Umesema vizuri kuliko mimi. Mwanzo wa msimu ni kikombe. Timu iliyocheza michezo 25 imempa kila mrushaji wake wa kuanza nafasi kama tano tu. Mtu hapimwi kwa siku tano.

TIMU YA OAKLAND, 1981

MWALIMU: Sasa tuiache habari ya mtu mmoja tuitazame timu. Mwaka ule ule wa 1981, timu ya Oakland Athletics, nayo ya huko huko California, ilianza kwa kushinda michezo 11 mfululizo bila kushindwa hata mmoja. Baada ya michezo 18 ilikuwa imeshinda 17. Sifa zote zilikwenda kwa warushaji watano: Mike Norris, Rick Langford, Matt Keough, Steve McCatty na Brian Kingman. Gazeti la michezo liitwalo Sports Illustrated liliwatoa wote watano katika ukurasa wake wa mbele. Meneja wao alikuwa Billy Martin.

Msimu ule ulikatwa na mgomo wa wachezaji, tangu katikati ya Juni mpaka mapema Agosti. Oakland ilimaliza kwa kushinda 64 na kushindwa 45. Haya, ndugu zangu, toeni ile 17 na 1 ya mwanzo.

MWANAFUNZI: Sitini na nne toa 17 ni 47. Arobaini na tano toa 1 ni 44. Kwa hiyo baada ya mwanzo ule walishinda 47 na kushindwa 44. Mbona ni karibu nusu kwa nusu?

MWALIMU: Ndivyo ilivyo. Timu ile ilikuwa nzuri, hata ikaingia katika michezo ya kuwania ubingwa wa ligi yake. Lakini haikuwa timu ya kushinda 17 katika kila michezo 18. Mtu mwenye busara, angekuwako mwezi wa Aprili, angeuliza maswali manne.

Swali la kwanza: Walicheza na nani? Ile michezo 11 ya kwanza ilikuwa juu ya timu za Minnesota, California na Seattle. Zote tatu zilimaliza msimu ule zikiwa zimeshindwa mara nyingi kuliko kushinda. Anayewazuia wapigaji dhaifu hajajulikana bado.

Swali la pili: Nani aliwasaidia? Mpira ukipigwa mbali, si mrushaji anayeudaka. Oakland ilikuwa na wadakaji hodari nyuma, nao ni Rickey Henderson, Dwayne Murphy na Tony Armas. Walikimbia na kudaka mipira ambayo kwa timu nyingine ingeanguka chini na kuleta pointi. Sehemu ya sifa za mrushaji ni deni kwa miguu ya wenzake.

Swali la tatu: Mrushaji anafanya nini kwa nguvu zake mwenyewe? Hapa kuna hesabu mbili. Ya kwanza ni wapigaji aliowakosesha mpira mara tatu hata wakatolewa bila mdakaji kukimbia. Ya pili ni wapigaji aliowapa kituo bure kwa kurusha ovyo mara nne. Namba hizi mbili hutulia mapema kuliko wastani wa pointi. Mwezi wa Aprili zitazame hizo kwanza. Anayekosesha wengi na kutoa vituo vichache vya bure, mwamini hata kama wastani wake ni mbaya kwa sasa. Anayetoa vituo vingi vya bure, mwonee shaka hata kama wastani wake unapendeza.

Swali la nne, nalo ndilo kubwa: Ushindi huu umenunuliwa kwa bei gani?

MWANAFUNZI: Bei gani tena, Mwalimu? Mshindi si amepata?

MWALIMU: Sikiliza. Nimesema mrushaji akichoka mwingine huingia. Oakland haikufanya hivyo sana. Mwaka 1980, warushaji wake walimaliza wenyewe michezo 94 mwanzo mpaka mwisho bila msaada. Katika hiyo, 93 ni ya wale watano. Langford peke yake alimaliza 28, Norris 24, Keough 20. Mwaka 1981, katika michezo 109 tu, timu ilimaliza tena 60 kwa namna hiyo. Kwa kulinganisha, mwaka 2023 timu zote 30 za ligi kuu kwa pamoja hazikufikia hata nusu ya ile 94.

Sasa andikeni namba tatu. Mwaka 1980 wale watano walishinda michezo 79 kwa jumla. Mwaka 1981, msimu uliokatwa, walishinda 51. Mwaka 1982, msimu mzima, walishinda 39 tu. Mwaka huo wa 1982 Oakland ilishinda 68 na kushindwa 94, na meneja aliondolewa kazini.

Na wale vijana je? Norris, aliyeshinda 22 mwaka 1980, alishinda 7 mwaka 1982 na 4 mwaka 1983. Baadaye bega lilimtesa, akakaa nje ya ligi kuu mpaka mwaka 1990. Langford, aliyeshinda 19 mwaka 1980, tangu 1983 mpaka alipoacha mchezo mwaka 1986 alishinda michezo minne tu kwa jumla.

Si haki kumtwika mtu mmoja lawama yote. Mkono huumia kwa sababu nyingi, na wako warushaji waliofanya kazi nyingi wasiumie. Lakini wengi walioufahamu mchezo ule waliona kuwa mikono ile ilitumiwa kupita kiasi. Tazameni basi: katika jedwali la Aprili 1981 mliona ushindi 17. Hamkuona mahali palipoandikwa mkono uliochoka. Jedwali linaonyesha kilichovunwa. Halionyeshi shamba limebaki na rutuba gani.

MWANAFUNZI: Sasa ile methali, Mwalimu? Ni ya uongo?

MWALIMU: Si ya uongo. Asubuhi tunaona kama kuna mawingu au hakuna. Lakini hatujui mchana utakuwaje, wala hatupimi mvua ya mwaka kwa mvua ya siku moja. Valenzuela alionekana asubuhi kuwa hodari, na kweli alikuwa hodari. Oakland ilionekana asubuhi kuwa na nguvu, na kweli ilikuwa nayo, ila ilikuwa inaitumia upesi mno. Kwa hiyo ukipewa wastani wowote, wa mpira, wa mavuno au wa biashara, uliza mambo mawili: umetokana na hesabu ya siku ngapi, na umepatikana kwa gharama gani?

KAZI YA DARASANI

1. Mrushaji amerusha zamu 27 na kufungwa pointi 6. Wastani wake ni nini?
2. Katika mchezo unaofuata anarusha zamu 3 na kufungwa pointi 4. Wastani wake mpya ni nini?
3. Oakland ilicheza michezo mingapi mwaka 1981? Kati ya hiyo, mingapi haikumalizwa na mrushaji mmoja?
4. Zungumzeni: ni kazi gani hapa kwenu ambayo mtu aweza kuonekana anafanikiwa sana mwanzoni, kumbe anakula akiba yake?

Majibu ya hesabu: la kwanza ni 2.00, la pili ni 3.00, la tatu ni michezo 109, na 49 haikumalizwa na mrushaji mmoja. Swali la nne halina jibu moja. Kila mmoja aandike sentensi tatu, kisha azisome mbele ya wenzake.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.