Je, Wajua? Asidi amino moja tu hupotosha seli nzima

Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne ya protini: miwili ya alfa, yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta, yenye 146. Katika ugonjwa wa selimundu, kasoro iko kwenye nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta: valini imeshika mahali pa asidi glutamiki. Mwaka 1957, mwanasayansi Vernon Ingram alilithibitisha hilo huko Cambridge.

Asidi glutamiki ina chaji hasi na hupenda maji, valini huyakwepa. Kwa hiyo, oksijeni ikipungua, molekuli za himoglobini hii hunatana na kuwa nyuzi ndefu, na seli nyekundu za damu hupinda.

Unajiandaa kwa mtihani wa biokemia? Uelewe vizuri mfano huu: mpangilio wa asidi amino huamua umbo la protini, na umbo huamua kazi.