Maana ya Maneno "Turn Down"

Wengi wetu wa Tunduma na vijiji vya Mbozi hupokea barua za Kiingereza, kwa kuwa ng'ambo ya mpaka, katika Zambia, hiyo ndiyo lugha ya serikali. Na tangu mwaka 2019 maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi pamoja katika kituo cha mpakani.

Mzee mmoja alinijia na barua mkononi. Alikuwa amemwandikia mnunuzi wa Nakonde, akitaka kumwuzia magunia 40 ya mahindi kwa bei aliyoitaja. Jibu likasema: "Your offer has been turned down." Mjukuu wake, kijana wa shule, akamfasiria kwamba bei imepunguzwa. Mzee akaridhika, akangoja lori majuma sita, na fukusi wakaingia ghalani. "Mwanangu," akaniuliza, "wamepunguza kiasi gani?" Ikanibidi nimwambie, "Mzee wangu, hawakupunguza kitu. Wamekataa."

Mjukuu asilaumiwe sana. "Turn" peke yake ni kugeuza, na "down" ni chini; lakini yakiandamana huwa kama neno moja lenye maana yake mbali. Mtu akisema "turn down the radio," ataka sauti ipunguzwe. Na utambi wa taa vivyo hivyo hushushwa. Huko ndiko kijana alikoipata hiyo "kupunguza". Basi msomaji atazame kwanza ni kitu gani kinachotajwa. Kikiwa ni sauti, moto au joto, maana ni kupunguza; likiwa ni ombi, wito, bei iliyotolewa, hata posa, maana ni kukataa, wala hamna nafasi ya kupatana ndani yake.

Tena maneno hayo huweza kutenganishwa: "They turned it down," yaani walilikataa. Kwa hiyo ukikuta "turned," usikimbilie kufasiri kabla hujafika mwisho wa sentensi, maana huenda ukakuta "turned back," neno lisikikalo sana mpakani. Hilo ni kurudishwa. Lori lililorudishwa kwa upungufu wa hati laweza kuja tena hati zikitimia.

Wala tusiwacheke Waingereza. Mgeni akifasiri "piga simu" neno kwa neno atadhani twaichapa, na kwa "kula kiapo" atauliza kina ladha gani.

Mzee alimwandikia mnunuzi mwingine juu ya magunia yaliyosalia. Jibu lilipofika, aliniletea kabla hajaifungua bahasha.