Sare, Gitaa na Udhu: Kuwakumbuka Kina Mama wa Conakry

Mtu anapofariki katika mitaa yetu, habari zake huanza kuchujwa kabla hata ya hitima. Ukikaa jamvini utasikia kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu, mlezi wa yatima, mtu wa watu. Na hayo ni haki yake, kwani tumefundishwa kutaja mema ya maiti wetu. Lakini ikiwa marehemu huyo aliwahi kupiga fidla katika kikundi cha taarabu, au alivaa sare ya polisi nusu ya umri wake, sehemu hiyo husemwa kwa sauti ya chini, ama haisemwi kabisa. Akiwa ni mwanamke, ukimya huwa maradufu. Wajukuu hubaki na nusu ya bibi yao.

Juma hili nawaomba wasomaji tusafiri mbali kidogo, hadi Conakry, mji mkuu wa Guinea, ulio ufukoni mwa bahari ya Atlantiki. Huko kulikuwa na kundi la wanawake ambao kwao muziki na upolisi vilikuwa kazi moja, katika nchi ambayo raia wake wengi mno ni Waislamu. Milima ya Futa Djallon nchini humo ilijulikana kwa wanazuoni na vyuo vya Qur'ani tangu karne ya 18. Basi asidhani mtu kwamba ninamsimulia mambo ya watu wasioijua dini.

Guinea ilijitoa mikononi mwa Ufaransa kwa neno moja. Tarehe 28 Septemba 1958 wananchi waliulizwa kama wanataka kubaki chini ya mpango mpya wa Wafaransa. Wakajibu "hapana", na tarehe 2 Oktoba nchi ikawa huru. Rais wa kwanza, Ahmed Sékou Touré, aliona kwamba bendera peke yake haitoshi ikiwa watu bado wanacheza muziki wa waliowatawala. Bendi za zamani zilizoiga Ulaya zikavunjwa, wanamuziki wakatakiwa kurudi kwenye nyimbo za wazee wao, na serikali ikaanzisha bendi zake yenyewe na kuwalipa wapigaji mshahara kama inavyowalipa walimu na makarani.

Mwaka 1961 ikaundwa bendi ya wanawake watupu ndani ya Gendarmerie, yaani kikosi cha polisi kilichofunzwa na kupangwa kijeshi. Mwanzoni walipiga ala nyepesi, mandolini, fidla na ngoma. Baada ya miaka michache wakashika magitaa ya umeme, saksafoni na seti kamili ya ngoma.

Kwa msomaji wa leo huenda hilo likaonekana dogo. Katika koo za Wamande ziitwazo jeli, ambazo kazi yake ya kurithi ni kusifu, kusuluhisha na kuhifadhi nasaba za watu, mwanamke ndiye mwenye sauti. Yeye ndiye anayeimba kwenye arusi na kwenye siku ya kumpa mtoto jina. Ala, hata hivyo, ni za mwanamume: kora, balafoni, na baadaye gitaa. Sisi watu wa mwambao hatuna haja ya kufafanuliwa sana hapo. Taarabu yetu iliwapa kina mama kipaza sauti zamani, lakini udi na ganuni kwa kawaida vilibaki mapajani mwa waume. Na kina bibi zetu wa Mombasa, waliposhindana kwa lelemama katika vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada, walilaumiwa wakati wao, ilhali leo watafiti wanaandika vitabu juu yao.

Kilichowaruhusu wanawake wa Conakry kuvuka mpaka ule ni sare, na hapa ndipo ninapoona hekima ya jambo lote. Binti anayetoka nyumbani usiku na gitaa begani hutiliwa shaka na mtaa mzima. Binti huyohuyo akitoka na kofia ya askari, ameitwa kazini, ana mkubwa wake wa kazi, ana mshahara mwisho wa mwezi na cheo kinachotajwa mbele ya jina lake. Baba anaweza kumzuia binti kwenda kwenye ngoma. Kumzuia askari kwenda zamu ni shauri jingine. Sijui kama aliyepanga mambo alikusudia hivyo, au alitaka tu bendi ya kupendezesha sherehe za taifa, lakini matokeo yalikuwa kwamba mwanamke aliweza kuishi kwa muziki pasipo kuvunja heshima ya ukoo wake.

Wachache kati yao walipata majina yaliyovuka mipaka. Salématou Diallo, ambaye jina lake lina mzizi mmoja na Salama wetu, alipiga gitaa la besi na kuiongoza bendi, akiitwa Kamanda kama afisa yeyote. Sona Diabaté alitoka katika jina kubwa la ukoo wa jeli, akaimba na kupiga gitaa pia. M'Mah Sylla alikuwa na sauti iliyowafanya Waguinea wamfananishe na ndege aimbaye usiku, na santuri yake ya mwaka 1983 ilibeba jina hilo.

Mwaka 1977 walikwenda Lagos, Nigeria, kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC. Ndipo dunia ilipoanza kuwajua kwa jina la Les Amazones de Guinée, jina linalokumbusha wanawake mashujaa waliopigana katika jeshi la ufalme wa Dahomey. Picha zao zilipendeza, na muziki ukapendeza zaidi.

Ila kumbukumbu isiwe ya upande mmoja. Mwaka huohuo wa 1977, Diallo Telli, Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alikufa kwa kunyimwa chakula na maji ndani ya kambi ya Boiro, jijini Conakry. Hakuwa peke yake; watu wengi walipotelea mle bila kesi ya haki. Serikali iliyowapa wanawake wale magitaa na mishahara ndiyo iliyowafunga watu wale, na bendi zote za nchi ziliimba sifa za chama na za Rais. Siwezi kuwahukumu wapigaji kwa hilo. Askari aliyeamriwa kuimba huimba, na ana watoto wanaosubiri chakula. Lakini mjukuu anayemuuliza bibi yake habari za zamani zile anastahili kuambiwa yote mawili, furaha ya jukwaa na hofu ya mjini.

Suala la dini nalo haliwezi kurukwa katika jarida kama hili. Wanazuoni wametofautiana juu ya ala za muziki tangu zamani: wako waliozikataza isipokuwa dufu, na wako waliozikubali kwa masharti ya maneno safi na mwenendo safi. Kila nyumba inamjua sheikh wake inayemfuata, na makala haya hayamtoi mtu kwenye fatwa yake. Ninachosema ni kidogo zaidi. Hata anayeona kwamba bibi yake alikosea kupiga gitaa, bado bibi huyo alishika udhu, alifunga Ramadhani, alilea, na mshahara wa sare ile ndio uliolipa karo ya watu ambao leo wanaona haya kuitaja. Kumwombea maghfira ni jambo jema. Kulifuta jina la kazi yake ni jambo jingine kabisa.

Mwaka 1983 bendi ilipiga jijini Paris, na onyesho hilo likatolewa kama santuri. Mwaka uliofuata, mwezi Machi 1984, Sékou Touré alifariki, jeshi likatwaa madaraka, na fedha za serikali kwa bendi zikakauka. Bendi nyingi za wanaume zilisambaratika. Hawa waliendelea, kwa sababu walikuwa bado ni askari na kambi ilikuwa bado ipo. Santuri yao ya pili, Wamato, ilitoka mwaka 2008. Mbili tu katika miaka 47! Sehemu kubwa ya maisha yao ya muziki ilipita hewani kwenye sherehe, arusi na gwaride, ikabaki kwenye masikio ya waliokuwapo.

Na kwenye kanda za redio. Kanda hizo nazo nusura zipotee: katika jaribio la mapinduzi la mwaka 1985 jengo la redio ya taifa lilipigwa mizinga, na sehemu ya hazina hiyo ikateketea. Zilizosalia zilikaa miaka mingi zikila vumbi na unyevu wa bahari, mpaka mtafiti kutoka Australia, Graeme Counsel, alipokwenda kuzinakili mojamoja chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Kazi ilimchukua safari kadhaa. Zilipatikana nyimbo zaidi ya 9,000, na leo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzisikiliza, akiwemo mjukuu wa askari wa Conakry ambaye hakuwahi kuambiwa bibi yake alipiga ala gani.