Lugha ya Nyumbani na Masomo ya Kiingereza



Hapa kwetu Nyabibuye, katika milima ya Kigoma, mtoto huanza kusema kwa Kiha, husomeshwa shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais, chini ya Bwana Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari nazo zisomeshe kwa Kiswahili, lakini halikutekelezwa. Kwa hofu hiyo baadhi ya wazazi hukataza Kiha nyumbani, wakidhani ndicho kizuiacho Kiingereza. Dhana hii si sawa, nayo yawadhuru watoto.

Kijana mmoja wa chuoni kwangu alichekwa shuleni kwa kumtaja mama yake kwa neno "he". Akawa hafungui kinywa darasani, hata akataka kuacha masomo. Mimi elimu yangu ya shule ni ya msingi tu, lakini nilimwuliza: "Mwanangu, twasema baba anakuja, na mama anakuja. Je, pana tofauti?" Akajibu: "Hapana, maalimu, na kwa Kiha ni vivyo hivyo." Nikamwambia: "Basi Mwingereza huwatenga: baba ni 'he', mama ni 'she'." Siku ile alijua kosa lake latoka wapi, na tangu hapo akawa akijisahihisha mwenyewe. Hakuacha shule.

Sisi walimu wa vyuo twalijua jambo hili. Mtoto husoma Qurani kwa Kiarabu, lakini maana twamfahamisha kwa lugha aijuayo. Kwa ajili hiyo Sheikh Abdullah Saleh Farsy alitutolea tafsiri ya Kiswahili, iliyochapishwa kamili mwaka 1969. Tena Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi. Zaid akajifunza, wala hakupoteza Kiarabu chake. Ndiye aliyeikusanya Qurani kwa amri ya Sayyidna Abubakar.

Basi enyi wazazi, msizifunge ndimi za watoto wenu. Kila jioni mwambieni mtoto awasimulie kwa Kiha au kwa Kiswahili alichosoma kwa Kiingereza. Akiweza, amefahamu, asipoweza, amekariri tu, na arudi akamwulize mwalimu wake. Nanyi vijana, jifunzeni Kiingereza kwa bidii, wala msione haya kwa lugha ya mama zenu.

Wallahu aalam.