Mbio za Mita Mia kwa Watu Wazima

Mwaka jana, siku ya wazazi, yalikuwako mashindano ya mbio za mita mia kwa wazazi na walezi. Baba yangu mdogo, ambaye ndiye mlezi wangu tangu baba alipofariki, naye alijiandikisha. Umri wake ulikuwa miaka 34. Firimbi ilipolia alitangulia mbele ya wote. Lakini alipofika kama mita sitini alishika paja lake kwa nyuma, akachechemea, akaanguka. Watazamaji waliangua kicheko, na mimi, naona haya kuandika, nilicheka pamoja nao.

Kicheko changu kilikwisha upesi. Baba mdogo ni fundi wa kushona nguo, na cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu. Kwa muda wa majuma matatu hakuweza kukanyaga. Wateja walichukua vitambaa vyao wakaenda kwingine, na fedha zangu za muhula uliofuata zikachelewa. Hakunung'unika, ila aliniambia, "Mwanangu, nimekwisha zeeka." Neno hilo lilinichoma moyo. Ndipo nikaazimia kujua kama ni kweli kwamba mtu wa miaka thelathini na kitu hafai tena kwa mbio fupi. Nilimwuliza mwalimu wa biolojia na mwalimu wa michezo, nikasoma na vitabu. Wasomaji wapenzi, haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuwatazame waliotutangulia. Mwaka 1948 Michezo ya Olimpiki ilifanyika London. Alikuwako mama mmoja wa Uholanzi, jina lake Fanny Blankers-Koen, mwenye umri wa miaka 30 na watoto wawili. Wako waliosema kwamba umri wake umepita. Mama huyu hakuwa mtu wa kushinda uwanjani mchana kutwa. Alikuwa na nyumba ya kutunza, na alipokwenda mazoezini aliwachukua watoto wake wakacheza huku yeye akikimbia. Basi huko London alishinda mita 100, mita 200, mita 80 za kuruka viunzi, na mbio za kupokezana vijiti: medali nne za dhahabu. Linford Christie wa Uingereza alishinda mita 100 kule Barcelona mwaka 1992, naye alikuwa na miaka 32. Kim Collins wa visiwa vya Saint Kitts na Nevis alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.93 mwaka 2016, akiwa na miaka 40 kamili. Ni kweli kwamba hao walikuwa wamezoea mbio tangu ujana wao, wala hatuwezi kujilinganisha nao. Lakini wanatuonyesha kwamba mlango haufungwi mtu afikapo miaka thelathini.

Sasa, kwa nini basi baba mdogo alianguka? Mwalimu wa biolojia alinieleza kwamba misuli yetu ina nyuzi za namna mbili. Ziko nyuzi za polepole, ambazo hazichoki upesi, nazo hutufaa kwa kutembea na kulima. Ziko na nyuzi za kasi, ambazo zina nguvu nyingi lakini huchoka mara moja. Hizi za kasi ndizo za mbio fupi. Kadiri miaka inavyosonga hupungua kidogo kidogo, na zisipotumiwa hudhoofika zaidi. Mtu mzima anaweza kutembea maili nyingi kila siku na asizitumie sawasawa hata mara moja.

Jambo la pili ni msuli wa nyuma ya paja. Mtu akimbiapo kwa kasi yake yote, mguu hutupwa mbele, na msuli huo hulazimika kuuzuia huku wenyewe ukivutwa kama kamba. Msuli usiozoea kazi hiyo huweza kuchanika. Kwa hiyo adui wa baba mdogo hakuwa miaka 34. Adui wake alikuwa ghafla: miaka mingi bila kukimbia, kisha siku moja kasi yote.

Wakati wa likizo nilimwandalia mpango katika karatasi, baada ya mwalimu wa michezo kuusahihisha. Mazoezi yalikuwa siku mbili tu kwa juma, Jumanne na Jumamosi, kwa majuma kumi. Kila siku ya mazoezi alianza kwa kupasha mwili moto kwa dakika ishirini: kutembea, kukimbia polepole, kurusha miguu mbele na nyuma.

Majuma manne ya kwanza alikimbia kupanda kilima, mita 30, mara sita, akishuka kwa kutembea. Kilima humpa mtu nguvu, lakini humzuia asifikie kasi kubwa wala asiurushe mguu mbali mno. Kisha alihamia uwanja wa tambarare, mita 40, kwa robo tatu ya kasi yake. Kasi yote aliingoja mpaka juma la nane.

Kila mbio ilifuatwa na mapumziko ya dakika tatu mpaka tano. Jirani mmoja alidhani ni uvivu. Sivyo. Akiba ya nguvu iliyo tayari ndani ya msuli hutosha sekunde chache tu, na hurudi baada ya dakika kadhaa. Asiyepumzika hujifunza kukimbia huku amechoka, wala hajifunzi kasi.

Mwisho wa mazoezi alipiga magoti juu ya mkeka, nami nikamshika vifundo vya miguu, akajishusha mbele polepole huku mgongo umenyooka, mara tano. Zoezi hili huufundisha msuli wa nyuma ya paja kuzuia huku ukivutwa. Siku ya kwanza alianguka kifudifudi, tukacheka wote wawili. Safari hii kicheko hakikuniuma. Nilipokwisha kurudi shuleni, mwanawe ndiye aliyemshika.

Mwaka huu baba mdogo alikimbia tena. Alitoka wa pili, nyuma ya mlezi mmoja kijana. Alivuka mstari akiwa mzima, akaja kunipa mkono. Jumatatu niliruhusiwa kutumia simu ya ofisi ya shule. Nilimwamkia, nikamwuliza habari za paja. Alisema, "Sikiliza," nikasikia cherehani inakwenda.

Basi wazazi wetu wapendwa, msituonee haya siku ya michezo, wala msije uwanjani bila kujiandaa. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu amwone daktari kwanza, na mwenye kusikia maumivu ya paja asimame hapo hapo. Waliobaki, siku mbili kwa juma zatosha kuanza. Nasi wanafunzi, tumwonapo mtu mzima akianguka tusimcheke, bali tumwulize lini tutaanza mazoezi pamoja. Wahenga walisema: ng'ombe hazeeki maini.