Bitana ya Bomba: Ubebaji na Uhifadhi wa Mabomba ya Mafuta

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Bomba la chuma katika machimbo ya mafuta huliwa kutoka ndani, kwa sababu mafuta hutoka ardhini yakiandamana na maji ya chumvi na gesi zinazosababisha kutu. Ili kulikinga, mafundi hulitia plastiki ngumu ndani, mithili ya fundi cherehani atiavyo bitana katika koti. Makala haya yanafafanua namna ya kulitunza bomba la aina hiyo. Hoja yetu ni kwamba jeraha la bitana halionekani kwa nje. Hubainika bomba linapovuja.

Kuinua

Bomba huinuliwa kwa mikanda mipana ya nailoni, wala si kwa minyororo. Ni mwiko kutia kulabu au uma wa foklifti ndani ya bomba, kwani ncha hizo huichana bitana. Aidha, bomba halidondoshwi wala haliburutwi. Watu huliongoza kwa kamba wakiwa mbali. Asisimame mtu chini ya mzigo unaoning'inia.

Kuhifadhi

Mabomba hulazwa juu ya mbao mahali tambarare, yakizuiwa kwa kabari. Kabari moja ikichomoka, rundo zima huweza kuporomoka na kumponda kibarua. Fauka ya hayo, bitana hukingwa dhidi ya jua kali, na uchomeleaji haufanywi karibu nayo.

Vifuniko vya ncha vina umuhimu wa pekee. Katika mabomba yanayoungwa kwa bolti, bitana hukunjwa nje juu ya kisahani cha chuma kilicho nchani. Plastiki haisahau umbo lake la awali. Kifuniko kikiondolewa mapema, ukingo huo hujirudi polepole na kiungo huja kuvuja. Kwa hivyo, kifuniko huondolewa wakati wa kuunga tu.

Kusafirisha

Bomba husafirishwa juu ya trela ndefu yenye mbao za kulitegemeza, likafungwa kwa mikanda. Kabla ya kuifungua mikanda, dereva na utingo hukagua iwapo mzigo umesogea safarini.

Nafasi ya Kiswahili

Mabomba ya mradi wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, yalipitia Sojo, Tabora, ambako yalivikwa tabaka la nje la kuhifadhi joto. Hilo si bitana bali ni joho; hata hivyo, nalo huchanika likibebwa ovyo. Wapakiaji wengi katika ukanda huu huelewana kwa Kiswahili, ilhali miongozo ya kitaalamu aghalabu huandikwa kwa Kiingereza.

Hitimisho

Ni bayana kuwa istilahi si pambo la kamusi. Kibarua asiyeelewa onyo la kabari huweza kupoteza mguu, na kijiji kikapoteza kisima cha maji. Mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu wa kulifikisha onyo hilo kwa lugha inayoeleweka kabla mzigo haujainuliwa.